Tuta Lililonyimwa Mbolea

Kura zilikuwa ndani ya kofia ya baba. Vipande kumi na viwili vya karatasi, vimekunjwa mara mbili mbili, na binti alikuwa akivitoa kimoja kimoja huku mama yake akimshikia kamba ya kupimia. Samadi ya kuku, tuta la kwanza. Mbolea ya dukani, tuta la pili. Mchanganyiko wa zote mbili, tuta la tatu. Waliendelea hivyo wakichomeka vibao, mpaka wakafika tuta la kumi na mbili, lile la ukingoni kabisa, kando ya njia ambayo mtaa mzima huipita kwenda bombani. Binti akakunjua karatasi ya mwisho.

"Bila mbolea," akasoma.

"Bila mbolea ndiyo nini?"

"Ndiyo hivyo, Mama. Hili halipewi kitu. Maji tu, basi."

"Tuta la mbele za watu?"

"Kura ndiyo imesema."

"Kura ina macho? Badilisha na lile la nyuma ya choo. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," binti akasema, akacheka kidogo. Jibu lile lilimpendeza. Alilisikia likitoka vizuri, kama jibu la mtu aliyesoma.

Mama hakubishana tena. Alikuwa ameshang'oa mboga zake zote, zile alizokuwa akifunga mafungu na kuuza kila asubuhi, ili binti apate pa kufanyia jaribio lake la mwaka wa mwisho. Chuo kilikuwa na mashamba ya wanafunzi, lakini yalitaka ada yake, na ada hiyo haikuwepo. Msimamizi wa binti alikubali jaribio lifanyike nyumbani, kwa sharti moja: siku moja, kabla ya mavuno kwisha, angekuja kujionea mwenyewe. Swali lilikuwa jepesi kulisema. Ni mbolea ipi inayoyakuza matango vizuri na kuyafanya yazae zaidi? Matuta matatu kwa kila mbolea, na matatu yasiyopewa kitu, ili ijulikane udongo peke yake unaweza nini. Bila ripoti hiyo hakuna kuhitimu.

"Msimu mmoja tu, Mama," binti alikuwa amemwahidi.

"Msimu mmoja si kitu," mama alijibu, na kesho yake akaanza kuwapunguzia wote sukari kwenye chai.

&nbsp;

Kufika wiki ya nne hukuhitaji kusoma vibao. Matango ya mbolea ya dukani yalikuwa na majani ya kijani kizito, mapana kama sahani. Ya samadi yalichelewa kidogo, lakini mashina yake yalinenepa na kuishika miti yaliyoegemezwa kama watoto waliong'ang'ania mgongo. Ya mchanganyiko yalikuwa yameanza kutoa maua. Na yale yasiyopewa kitu yalikuwa manjano, majani hayazidi kiganja cha mtoto, yametambaa hatua mbili na kuchoka.

Matuta mawili kati ya hayo yalikuwa nyuma, hakuna aliyeyaona. La tatu lilikuwa njiani.

Jirani mmoja aliitwa Redio, kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi utalisikia kwa watu wengine mchana. Siku hiyo alitua ndoo yake kando ya tuta, akashika kiuno.

"Jirani, hili limekukosea nini?"

"Ni la masomo," mama akasema bila kuinuka. Alikuwa akipalilia.

"Masomo ya kunyima?"

"Ndivyo wanavyofundishwa. Lazima moja lisipewe."

"Haya." Redio akayaangalia matuta mengine, akarudi kuliangalia lile. "Wenzake wameshiba mpaka wanabeua, hili limekondeana kama mtoto wa kambo." Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka. Mmoja akaacha kucheka mapema kuliko mwenzake.

Redio alibeba ndoo yake akaenda. Huenda alisema tu, kwa kuwa ulimi ulimtangulia. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba mama hakumzaa binti yule. Alimkuta katika nyumba hii ana miaka minne, na kwa miaka kumi na minane alikuwa amempakulia kwanza, akampa paja la kuku mbele ya wageni, akamvalisha soksi nyeupe kuliko za watoto wote, asipatikane mtu wa kusema. Hakuna aliyewahi kusema. Sasa lilikuwepo tuta moja, kando ya njia, linasema.

&nbsp;

Alianza kesho yake alfajiri. Alilowesha samadi ya kuku ndani ya ndoo kuukuu, akaichuja kwa kipande cha shati, akaizimua kwa maji mpaka ikawa rangi ya chai. Halafu akainama na kikombe, akalimiminia kila shina la tuta lile kikombe kimoja. Mashina manane, vikombe vinane. Alipomaliza alirushia udongo mkavu juu ili harufu isisimame.

Baba alikuwa fundi cherehani, na msimu wa sare za shule ulimwamsha kabla ya kuku. Kutoka barazani, nyuma ya mashine yake, aliona kila kitu.

"Unamlisha nani huko?"

"Shona."

"Nauliza tu. Nisije nikawa na mke mwenza."

"Nimesema shona, wewe."

Akashona. Alijua kwamba jaribio lina kanuni zake, maana binti alizieleza mezani mpaka chai ikapoa. Lakini vilevile alijua mke wake hachelewi kulia, na hapendi kuonwa akilia. Kati ya mambo mawili hayo alichagua cherehani. Na alichagua hivyo kila alfajiri, kwa wiki nyingi.

Tuta la njiani likaamka. Majani mapya yalitoka ya kijani, shina likanyanyuka, maua yakaja. Redio alipita akasema, "Eh! Limesamehewa?" Mama akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

&nbsp;

Walianza kuchuma wiki ya saba, kila baada ya siku mbili. Binti aliweka matango ya kila tuta kwenye beseni, akayahesabu, akayapima, akaandika. Mchanganyiko uliongoza, kama alivyotarajia. Samadi ilifuata kwa karibu. Mbolea ya dukani, pamoja na majani yake yote ya kifahari, ilikuwa ya tatu. Na matuta mawili ya nyuma yasiyopewa kitu yalitoa vitango vilivyopinda, vyembamba mkiani, visivyojaza nusu ya beseni.

Tuta la kumi na mbili lilijaza beseni.

Mara ya kwanza alifikiri amekosea mizani. Mara ya pili aliinama kusoma kibao. Mara ya tatu alipiga goti kando ya tuta kuchuma, na pua yake ikapata harufu. Alisogeza jani moja. Chini yake, juu ya udongo, palikuwa na machicha ya samadi yaliyokauka, na alama ya duara ya kitako cha kikombe.

Alirudisha jani mahali pake. Hakuuliza. Alijiambia kwamba huenda maji yalitiririka kutoka tuta la jirani, ingawa alijua tuta la jirani liko chini yake.

Baada ya kuchuma mara tano alijumlisha. Matuta ya nyuma yalikuwa yametoa kilo tatu na nusu, na kilo tatu na robo. La njiani kilo kumi. Akilini alimwona msimamizi wake akiitazama namba ile kwa miwani yake ya kushuka puani. Alimsikia akisema mbele ya wenzake kwamba haya ndiyo majaribio ya uani. Aliona msimu mwingine bila mboga za mama.

Jumamosi hiyo alinunua daftari jipya kwa siri, na mchana akakaa nalo mezani. Alinakili namba zote upya, kwa wino, kwa mwandiko wake mzuri uliosimama. Kila kitu alikinakili kama kilivyokuwa, isipokuwa mstari mmoja. Palipokuwa na kilo mbili na gramu mia moja aliandika gramu mia saba. Palipokuwa na kilo mbili na nusu aliandika gramu mia saba na themanini. Alihakikisha hazifanani sana, maana namba zinazofanana sana huwa na sura ya uongo. Hilo nalo alifundishwa chuoni.

Mama akaja na kikombe cha chai, akasimama nyuma yake akiangalia.

"Mwandiko huu!" akasema. "Ungedhani umepigwa mashine. Sukari nimeongeza leo, unafanya kazi ya akili."

Binti alifunika ukurasa kwa mkono, kama mtu anayekinga upepo.

&nbsp;

Siku ya msimamizi viti havikutosha. Mama alikwenda kuazima vitatu kwa Redio, na Redio alivileta mwenyewe, akakalia kimoja. "Nitamsalimia tu mwalimu," akasema. Wanawake wengine walisimama njiani na ndoo tupu, ingawa bomba lilikuwa linatoka tangu asubuhi.

Msimamizi alikuwa mtu mpole, mwenye mizani yake mwenyewe ndani ya mkoba. Alisalimia kila mtu. Aliyasifu matuta yaliyonyooka. Alimuuliza binti maswali, na binti alijibu vizuri: kwa nini mbolea ya dukani inapendelea majani, kwa nini samadi inachelewa kuanza lakini haichoki upesi, kwa nini mchanganyiko unapata yote mawili. Mama hakuyaelewa yote, lakini alikuwa akiitikia kwa kichwa kila binti alipofika nukta.

Halafu wakafika njiani.

"Hili ndilo lisilopewa kitu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Msimamizi aliyatazama matango yaliyokuwa yananing'inia, marefu, yamenyooka, yamejaa. Akageuka akatazama kule nyuma. Akageuka tena.

"Naomba daftari."

Akalifungua, akashusha kidole. "Juzi tuta hili limekupa gramu mia saba na arobaini."

Binti aliokota beseni.

"Tuchume ya leo."

Walichuma wote wawili. Beseni likajaa. Msimamizi alilining'iniza kwenye mizani yake, akasubiri mshale utulie.

"Kilo mbili na robo," akasema. Hakupaza sauti, ila njiani walisikia. "Juzi gramu mia saba, leo kilo mbili na robo. Binti, vibao vilihamishwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ulilitilia mbolea?"

"Hapana."

"Basi nieleze."

Redio aliacha kujipepea. Binti alikuwa akitazama vidole vyake vilivyo na utomvu wa majani, na shingo yake ilikuwa imeingia mabegani. Mama alijua mabega yale. Ndivyo alivyokuwa akisimama akiwa mdogo, akisubiri kupigwa kwa kosa la mwenzake.

"Ni mimi," mama akasema.

Alisogea mbele, akiifuta mikono kwenye nguo ingawa ilikuwa mikavu. "Mwalimu, usimwonee mtoto. Ni mimi niliyelilisha. Kila alfajiri, maji ya samadi, kikombe kimoja kila shina. Tangu wiki ya tano. Yeye amelala, hajui lolote. Sikuweza kulipita linanitazama vile. Watu wanapita hapa, Mwalimu." Alielekeza njiani kwa kidevu. "Ukitaka kumfelisha mtu nifelishe mimi."

Njiani mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Msimamizi alivua miwani. Hakukasirika, uso wake hata ulilegea kidogo, kama mtu aliyeona mlango wa kutokea.

"Tangu wiki ya tano, mama?"

"Tangu ya tano. Sikuacha hata siku moja."

"Kwa hiyo limekuwa likizaa namna hii tangu siku ya kwanza ya kuchuma."

"Sana!" mama akasema, na sasa alikuwa akisaidia, alikuwa akimtolea mwanawe ushahidi. "Sana, Mwalimu! Beseni tele kila mara. Muulize mwenyewe, si ndiye anayepima? Yote aliyaandika humo, kila tango. Hana mchezo na kazi yake."

Msimamizi alikuwa bado ameweka kidole ndani ya daftari. Alilitazama, akamtazama binti, na binti akafumba macho.

Mama alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilikaa usoni pake muda mfupi baada ya yeye kuelewa, halina pa kwenda.

"Tuta likiharibika," msimamizi akasema polepole, "tunaandika kwamba limeharibika na sababu yake. Ungebaki na matuta kumi na moja. Ningeyapokea. Ungeniandikia namba ya kweli na alama ya kuuliza pembeni, leo ningekupa mkono nikaenda zangu."

"Mengine yote ni ya kweli, Mwalimu."

"Huenda." Akamrudishia daftari kwa mikono miwili, kwa heshima, na heshima ile iliumiza kuliko angelitupa. "Mimi nitajuaje?"

Jaribio lingerudiwa kwa msimu mzima. Alisema hivyo, akakataa chai, akaaga kila mtu kama alivyosalimia. Redio aliinuka. Alichukua viti vyake viwili, kimoja kila mkono. Cha tatu alikitazama, maana mama alikuwa amekikalia, akakiacha. Siku hiyo hakusimama kwa mtu yeyote njiani.

&nbsp;

Jikoni hakuna aliyewasha moto. Matango ya tuta la kumi na mbili yalikuwa mezani, bado ndani ya beseni.

"Nimekuharibia," mama akasema.

"Wewe ulilipa chakula, Mama. Mimi nimeandika uongo kwa wino."

"Mbona hukuniuliza? Ungeniuliza ningesema."

"Ndiyo maana sikuuliza. Niliona alama ya kikombe."

Mama aliinama. Baba alikuwa mlangoni, futi yake ya kitambaa imening'inia shingoni, hajui aingie au atoke. "Mimi nilimwona tangu siku ya kwanza," akasema. "Nikajifanya nashona." Alingoja agombezwe. Hakuna aliyemgombeza, na hilo likamrudisha barazani. Mashine haikulia.

"Lakini kwa nini, Mama? Nilikueleza. Mbele ya kofia nilikueleza."

Mama alichukua tango moja akaanza kulipangusa kwa kanga, ingawa lilikuwa safi.

"Redio alisema limekonda kama mtoto wa kambo."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Binti alilisikia, akaliona tuta, akaona vikombe vinane, na soksi nyeupe, na paja la kuku, na mkono uliokuwa ukimpakulia kwanza huku macho ya mama yakiwa kwa wageni, yakihakikisha kwamba wanaona. Aliona haya kwa ajili ya mama yake. Papo hapo akaona haya kubwa zaidi, ya kuona haya.

Akavuta kiti cha Redio karibu, akalipokea tango, akalikata vipande viwili. Wakala bila chumvi. Lilikuwa tango zuri sana.

&nbsp;

Mvua zilipopita, kofia ya baba ilitolewa tena. Safari hii binti alimpa mama atoe kura. Mama alitoa moja moja, akimsomea, na walipofika ukingoni kwa njia alikunjua karatasi akainyoosha juu ya goti.

Binti alisogea akaisoma begani pake. Akatazama njia, akatazama uso wa mama yake.

"Mama. Tunaweza kulihamishia nyuma. Kabla hatujapanda si kosa, nitamwandikia Mwalimu na sababu nitamwambia."

Mama aliigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Kura ndiyo imesema," akasema, akachomeka kibao mwenyewe.

Wiki ya tano tuta lile lilikuwa manjano kuliko la msimu uliopita. Kila alfajiri mama aliamka saa ileile, kwa mazoea, akatoka, akakuta ndoo kuukuu imefunikwa pale alipoifunika, akarudi ndani. Jua likishatoka alibeba kigoda chake akakaa palepale, kati ya tuta na njia, akitia vifungo nguo zilizotoka kwenye cherehani. Watu walipita. Wengine walisalimia wakiangalia mbele.

Redio akatua ndoo. Alilitazama tuta kwa muda mrefu, na alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Jirani, mnalo tena?"

"Tunalo," mama akasema. Masikio yalikuwa yakimwaka, na sindano ilikuwa imesimama hewani. "Lina njaa. Tumeliacha makusudi. Karibu ulitazame vizuri."

Mavuno ya kwanza ya tuta hilo yalikuwa vitango vitatu vilivyopinda. Mama ndiye aliyeshika mizani, akaisimamisha juu, mbele ya njia, mpaka mshale ukatulia.

"Ngapi?" akauliza.

"Gramu mia tatu na kumi."

"Andika," mama akasema, wala hakushusha mkono mpaka alipoona imeandikwa.